Mlango wa Uani wa Chumba cha Kumi na Mbili

Mama Waya hakujisumbua kuinuka Inspekta alipoingia mahabusu. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, bado na ovaroli yake ya kazi, na mikono yake mikubwa ya fundi wa nyaya ameipakata kama vitu alivyoazimwa.

"Umelala?" Inspekta aliuliza.

"Wewe ungelala, Afande?"

Inspekta hakupenda kujibiwa swali kwa swali. Lakini aliyemkamata mama huyu jana jioni alikuwa yeye mwenyewe, kwa hiyo alivumilia, akavuta kiti cha plastiki, akakaa.

"Mchana huu jalada lako linakwenda mahakamani," alisema. "Nataka nikusikie mara ya mwisho. Jana asubuhi kuna mtu aliufungua mtambo wa simu kwa nyuma, akazipinda pini za laini za hospitali. Simu ya hospitali ikafa. Kuna bwana mmoja, mkewe ameshikwa na uchungu, akapiga simu, akapiga tena, haiiti. Ikabidi atimue mbio kwa miguu kwenda kuitafuta gari ya wagonjwa. Mkewe akajifungulia kando ya barabara."

"Wazima?"

"Wazima, yeye na mtoto. Bahati tu."

Mama Waya alishusha pumzi. Inspekta aliliona hilo, akaliweka akilini.

"Nyuma ya mtambo ni kwako," aliendelea. "Bisibisi iliyokutwa pale ni yako. Na juzi ulisema mbele ya ofisi nzima kwamba unatamani simu ya hospitali ife. Ulisema, hukusema?"

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu anapokea yeye."

Huyo "yeye" hakuhitaji kutajwa. Alikuwa nesi wa mapokezi wa hospitali, mke mpya wa daktari, na daktari ndiye aliyekuwa mume wa Mama Waya kabla mambo hayajaharibika. Binti yao mdogo aliishi na baba yake kwenye nyumba za hospitali. Kila mama alipotaka kumsalimia mwanawe, ilimbidi kwanza asalimiane na nesi.

"Wivu ninao, Afande, nisikudanganye. Ninao mpaka hapa." Aligusa koo. "Nikimsikia anavyosema haloo, natamani simu ife mkononi mwake. Lakini ile laini nikiikata, mwanangu namsikia kwa njia gani? Nina Jumamosi tu. Siku nyingine zote nina simu."

"Kesho ni Jumamosi."

"Najua kesho ni siku gani. Baba yake ameshatuma neno kwa koplo wenu. Nikipandishwa kizimbani leo, Jumamosi zangu zimekwisha. Anasema mtoto hatalelewa na mhalifu hata kwa siku moja."

Hakulia. Inspekta aliwahi kuona vilio vya kila aina mle ndani, vya kweli na vya kuigiza, naye alijua namna ya kuvipuuza vyote. Huyu asiyelia ndiye aliyemkosesha raha. Aliinuka, akarudisha kiti mahali pake. Jana aliutazama ule mtambo kwa mbele tu, akaletewa bisibisi mkononi, akaridhika. Kwa mtu aliyejisifu kwamba haaminishwi kirahisi, hiyo ilikuwa aibu ndogo, na hakutaka aiongeze ikawa kubwa.

Meneja wa mitambo ya simu alimpokea getini. Alikuwa mtu mfupi, mwenye manukato yaliyotangulia kufika kabla yake.

"Afande, mambo mawili. La kwanza, mama yule ashitakiwe haraka, tumalize aibu hii. La pili, hatuwezi kumwazima kidogo aje atutengenezee? Huko nyuma hakuna mwingine anayepajua, na hospitali wananipigia kelele."

"Wanakupigiaje kelele na simu haifanyi kazi?"

"Wamemtuma dereva. Anapiga yeye."

Inspekta alimwambia koplo amlete Mama Waya, chini ya ulinzi. Kisha akaomba aonyeshwe kila kitu upya, taratibu, kama mtu asiyejua lolote, na kwa kweli hakujua.

Mtambo wenyewe ulikuwa kabati la chuma lililomzidi mtu kimo, limesimama katikati ya chumba chenye baridi ya kiyoyozi. Mbele yake kulikuwa na nafasi kumi na sita zilizopangwa bega kwa bega, na katika kila nafasi imechomekwa kadi moja nyembamba yenye vitaa usoni. Mafundi waliziita nafasi hizo vyumba, na kadi waliziita wapangaji. Chumba cha kwanza kilikuwa kushoto kabisa, cha kumi na sita kulia kabisa, na namba zimeandikwa juu ya kila kimoja. Kila mpangaji alikuwa na laini zake za kuhudumia. Mpangaji wa chumba cha kumi na mbili alihudumia hospitali, na taa yake ilikuwa nyekundu.

"Na huyu aliyevishwa utepe?" Inspekta alionyesha chumba cha tano, ambako taa ya kijani ilipepesa kwa furaha.

Uso wa Meneja ulichanua. "Huyo ndiye mgeni wetu. Anapeleka simu vijiji vya milimani ambako hapakuwahi kuwa na simu. Jana wakubwa walikuja kumzindua. Fundi aliyemtengeneza alipiga simu ya kwanza kabisa, akampigia mama yake mzazi kijijini. Mkurugenzi alifuta machozi, Afande. Nilimwona kwa macho yangu."

"Na taa nyekundu hapo pembeni hakuna aliyeiona?"

Meneja alikohoa. "Tulikuwa tumeufunika mtambo kwa pazia. Ili chumba cha tano peke yake kionekane."

"Pazia."

"La satini."

Kwa hiyo, Inspekta alijiambia, mtu alifanya ubaya wake kabla ya sherehe, na satini ya Meneja ikamfichia mpaka dereva wa hospitali alipofika mchana akitweta. Aliuliza nani alikuwa wapi. Meneja mwenyewe alikuwa ofisini kwake akiwanywesha wakubwa chai, na wakubwa wote wangelithibitisha hilo, maana hakuwapa nafasi hata ya kwenda msalani. Mama Waya alikuwa uwanjani akipanga viti, anaingia na kutoka. Waliobaki ni mafundi wa kadi, wawili, ndugu wa tumbo moja. Mkubwa walimwita Tai kwa sababu hakuonekana bila tai shingoni hata siku ya kuhamisha mabetri. Mdogo walimwita Kipenzi, na hilo halikuhitaji maelezo.

Jengo lile lilikuwa dogo lakini husuda yake ingetosha wizara nzima. Watu wa mbele, yaani Tai na Kipenzi, walivaa mashati meupe, walipelekwa kozi, na kila mgeni alipigwa picha nao. Mtu wa nyuma, yaani Mama Waya, alipewa ufagio pamoja na nyaya. Yeye aliwaonea gere kwa viti vyao vya kuzunguka. Wao walimwonea gere kwa kuwa hakuna bosi aliyewahi kumfuata kule nyuma kumsumbua. Meneja aliwaonea wote watatu, kwa kuwa waliijua kazi.

"Sasa nataka kwenda nyuma," Inspekta alisema.

"Nyuma?" Meneja alishangaa kama aliyeombwa aonyeshe choo. "Huko kuna vumbi, Afande."

Kulikuwa na vumbi, na kulikuwa na giza. Upenyo kati ya mtambo na ukuta uliruhusu mtu mmoja tu, tena kwa ubavu. Inspekta hakupiga hatua mbili kabla paji la uso halijakutana na ngazi ya chuma iliyobeba nyaya, imening'inia chini kuliko mtu mwenye akili timamu angeiweka. Alijisugua paji, kisha akawasha tochi.

Kila mpangaji, kumbe, alikuwa na milango miwili. Mbele kadi yenyewe na vitaa vyake, na huku nyuma bamba la chuma lililofungwa kwa skrubu mbili, nyaya zimechomekwa ndani yake. Mama Waya aliyaita mabamba hayo milango ya uani. Yalikuwa kumi na sita, yamefanana kama sare za shule, na hakuna hata moja lililoandikwa namba. Aliyezoea kuingia huku hakuhitaji namba, na asiyezoea hakuwa na shughuli huku.

Inspekta alikitafuta chumba cha kumi na mbili. Akahesabu kutoka kushoto, kidole juu ya kila bamba, akafika kwenye la kumi na mbili, akalimulika. Skrubu zilikuwa na vumbi la miaka. Halikuguswa.

Akasonya. Akahesabu tena, na akafika palepale.

Ndipo alipoirudisha tochi taratibu kushoto, akaliona bamba lililofunguliwa. Skrubu zake zilimeta, moja imelegea, na ndani pini za plagi zilikuwa zimelala upande kama meno ya mzee. Lilikuwa bamba la tano kutoka kushoto.

Alisimama pale gizani akilitazama. Halafu akapata akili ya kujicheka. Nyumba ukiiingia kwa uani, chumba kilichokuwa mkono wa kushoto ulipoingia kwa mbele sasa kiko mkono wa kulia. Aliyehesabu kutoka kushoto huku nyuma, akisaka cha kumi na mbili, alikuwa anaushika mgongo wa chumba cha tano. Na aliyesaka cha tano alikuwa anaushika mgongo wa hospitali.

Kwa hiyo kulikuwa na njia mbili. Ama mtu aliyepajua uani vizuri aliikusudia hospitali na akaipata. Ama mtu asiyepajua kabisa alikikusudia chumba cha tano, chumba cha sherehe, chumba chenye utepe, akahesabu kama alivyozoea kuhesabu akiwa mbele. Njia ya kwanza ilimpeleka Mama Waya kizimbani mchana huuhuu. Ya pili ilimtoa. Bamba lenyewe halikusema ni ipi.

Akaanza kupekua upya, safari hii akitafuta alama za mtu badala ya alama za bisibisi. Usawa wa kiuno, kwenye nguzo ya mtambo, palikuwa na msumari mnene wa shaba uliounganishwa na waya wa ethi, ule unaoupeleka umeme ardhini. Vumbi lilikuwa limeuvika koti zima. Isipokuwa sehemu moja, ambapo kitu chenye meno madogo kiliuma na kuacha shaba iking'aa.

Inspekta aliutazama kwa muda, kisha akatoka kwa ubavu, akainama kwa heshima chini ya ngazi ya chuma.

Alianza na Kipenzi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye uso wa mtu anayependwa na mama za watu, na tangu asubuhi alikuwa anazunguka kwenye kiti chake bila kufanya kazi yoyote.

"Hiyo ni nini mkononi?" Inspekta alimuuliza.

Kipenzi alijitazama kifundo cha mkono. "Hii? Bangili ya ethi, Afande. Mwili wa mtu una umeme wake, unaweza kuiua kadi kwa kuigusa tu. Kwa hiyo tunavaa hii, na klipu yake tunaibana kwenye msumari ule pale. Ndiyo kitu cha kwanza tunachofundishwa. Mimi nikishika kijiko nyumbani natafuta msumari."

"Na Mama Waya anayo?"

"Ya nini? Yeye anashika nyaya. Umeme wa mwili hauziui nyaya."

"Wewe umewahi kwenda nyuma?"

"Sana. Kadi yangu mpya ilipofika tulikaa naye kule kuunganisha laini. Siku ya kwanza nilikwenda na bangili, akanicheka mpaka akakaa chini. Akaniuliza kama nimekuja kuposa. Niliivua, sikuivaa tena huko." Alisita. "Afande, Mama Waya hawezi. Ana maneno, ndiyo. Lakini yule huwa anazilaza nyaya kama anamlaza mtoto."

"Jana kabla ya sherehe ulikuwa wapi?"

"Chooni," Kipenzi alisema kwa aibu. "Nilikuwa na hofu. Tumbo lilikuwa linaendesha. Mlinzi alikuwa ananigongea mlango kila mara kuniuliza kama niko hai."

Tai alimpokea mezani kwake, kalamu zimepangwa, tai ya bluu imenyooka. Alikuwa amemzidi mdogo wake miaka mingi, na kila sentensi aliyoisema ilikumbusha hivyo.

"Mdogo wangu ana bahati sana," alisema kabla hajaulizwa.

"Bahati au ujuzi?"

"Ujuzi nilimpa mimi. Bahati kajipatia mwenyewe." Akatabasamu, na tabasamu halikukaa. "Mimi ndiye niliyemleta hapa. Hakujua kadi iko upande gani. Kuna watu wanapanda mbegu, Afande, na kuna watu wanapigwa picha na mavuno."

"Wakati anapiga ile simu ya kwanza ulikuwepo?"

"Nilitoka kidogo kupata hewa. Chumba kilijaa watu."

"Simu ya kwanza kwa mama yenu, nawe umetoka kupata hewa?"

"Kulikuwa na joto."

Inspekta aliisikia baridi ya kiyoyozi ikimtambaa shingoni. "Na kule nyuma ya mtambo? Jana ulikwenda?"

"Mimi?" Tai alijipangusa bega, ingawa halikuwa na kitu. "Sijawahi kukanyaga kule tangu niajiriwe. Vumbi linanipa mafua. Na kila mtu hapa ana upande wake."

Koplo alimleta Mama Waya. Aliingia na pingu mkononi, akautazama mtambo wake kabla ya kumtazama mtu yeyote. Inspekta aliamuru pingu zitolewe.

"Kabla mama hajaanza kazi," Inspekta alisema, "nina ombi dogo. Nataka kila mmoja aende nyuma, peke yake, aniwekee mkono juu ya mlango wa uani wa chumba cha tano. Mimi nitasimama hapa mwanzo wa upenyo na tochi. Meneja, tuanze na wewe, ndiye mkubwa."

Meneja aliingia kwa ushupavu. Mlio wa paji la uso likigonga chuma ulisikika hadi mbele, ukafuatwa na maneno ambayo meneja hapaswi kuyasema mbele ya wafanyakazi. Akahesabu kwa sauti kutoka kushoto, moja, mbili, tatu, nne, tano, na kwa fahari akaweka mkono juu ya bamba lililofunguliwa, bamba la hospitali.

"Asante," Inspekta alisema. "Umenisaidia kuliko unavyodhani."

Kipenzi aliingia wa pili. Aliinama chini ya ngazi, akahesabu kutoka kulia, akaweka mkono mahali panapostahili. Alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba anapajua, na alipajua.

"Mzee," Inspekta alimwambia Tai. "Wewe ambaye hujawahi kukanyaga."

Tai alitia tai yake ndani ya shati isishike vumbi. Akaingia. Alipofika kwenye ngazi ya chuma, ambayo mwanga wa tochi uliomulika mabamba chini yake haukuifikia, aliinamisha kichwa bila kusita, akapita, akakiinua. Hakuhesabu kabisa. Alinyoosha mkono kulia moja kwa moja na kuuweka juu ya mlango wa uani wa chumba cha tano.

Mama Waya ndiye aliyeelewa kwanza, akaangalia chini.

"Umepatia," Inspekta alisema. "Meneja wako amekosea."

"Nimetumia akili tu, Afande. Upande wa nyuma ni kinyume cha upande wa mbele. Ni hesabu ndogo."

"Na ile ngazi ya chuma? Nayo kichwa chako kimeipigia hesabu? Imenigonga mimi, imemgonga Meneja. Wewe umeinama gizani kama unaingia kwako."

Tai alibaki kule kwenye upenyo, mkono bado juu ya bamba.

"Kuna msumari wa ethi hapo karibu na kiuno chako," Inspekta aliendelea, kwa sauti ileile. "Una alama ya klipu ya bangili, mpya. Mama Waya hana bangili. Mdogo wako aliiacha kuivaa huku alipochekwa. Ni mtu wa mbele aliyekuja nyuma kuharibu, lakini mikono yake imezoea. Haiwezi kugusa kadi iliyo kazini bila kubana klipu kwanza, hata siku inapokuja kuiua. Na mtu huyo alihesabu kutoka kushoto kama anavyohesabu kila siku akiwa kwenye kiti chake. Hakuitaka hospitali. Aliitaka kadi ya chumba cha tano, mbele ya wakubwa, mbele ya mkurugenzi. Alipojua amekosea mlango, alikuwa ameshamkosesha mtu gari ya wagonjwa. Na badala ya kusema, akamwacha mama wa watu alale sakafuni kwa ajili yake. Hapo ndipo ulipojifunza hiyo hesabu ndogo, mzee. Jana."

Kipenzi alisogea mpaka mdomoni mwa upenyo. "Kaka, mwambie si kweli."

"Toka nje uongee," Inspekta alisema. "Huko kuna vumbi."

Tai alitoka. Aliinama tena chini ya ngazi, na safari hii hakujali kujificha. Vumbi lilikuwa limemchora mstari mweupe begani, na hakulipangusa.

"Sikutaka mtu aumie," alisema. "Nilitaka apige, isiite. Basi. Mara moja tu asimame mbele za watu na kitu kikatae. Nilimfulia shati la shule mimi. Nilimnunulia viatu mimi. Simu aliyonayo mama kule kijijini nimenunua mimi, nikapanda nayo mlima kwa miguu, ikakaa miaka kwenye kabati kwa sababu hakuna laini. Kisha inakuja laini, na atakayepiga ni yeye. Nikienda nyumbani mama ananiuliza, mdogo wako hajambo? Nikibeba mfuko wa mahitaji ananiuliza, mdogo wako kapata? Mimi ni posta, Afande. Napeleka habari za mtu mwingine."

"Mama Waya alikukosea nini?"

Tai alijaribu kumtazama Mama Waya, akashindwa. "Hakunikosea. Bisibisi yake ilikuwa palepale juu. Niliiona tu."

"Nina mtoto," Mama Waya alisema. Ni hayo tu aliyoyasema, na yalitosha kumfanya Tai afunike uso.

Inspekta alimpa koplo ishara. Lakini Kipenzi alikuwa ameushika mkono wa kaka yake, wala hakuonekana kama atauachia.

"Kaka, jana mama alipopokea," alisema, "sikupata hata kumaliza kumwamkia. Aliniuliza, kaka yako yuko wapi? Spika ilikuwa wazi, watu wote wakasikia, wakacheka. Nikamwambia mama, huyu ni mimi, ndiye niliyetengeneza. Akasema, vizuri mwanangu, sasa mpe simu mkubwa wangu, ndiye aliyeniletea hii simu, nataka nimsikie yeye kwanza. Nikakuita, Kaka. Nikakuita mara mbili. Hukuwepo."

Tai alimkodolea macho.

"Jana nzima tumekuwa pamoja. Tumekula meza moja. Mbona hukuniambia?"

Kipenzi aliuachia mkono.

"Niliona wivu," alisema. "Ilikuwa siku yangu mimi, na yeye anakutafuta wewe."

Koplo, ambaye alikuwa ameshaandaa pingu, alisubiri kidogo zaidi kuliko utaratibu unavyotaka. Kisha akamfunga Tai mikono kwa upole, mbele, akamtoa nje. Kipenzi aliwafuata mpaka mlangoni, akasimama hapo, hakujua aende upande upi.

Mama Waya alikuwa ameshaingia nyuma. Ilisikika koleo ndogo ikizinyoosha pini moja baada ya nyingine, bila haraka, na Inspekta alikaa kwenye mojawapo ya viti vya kuzunguka akingoja, maana ni yeye aliyemleta hapa na ni yeye atakayemrudishia kitambulisho alichomnyang'anya jana. Jalada alikuwa ameshalikunja na kulitia mfukoni. Baada ya muda taa ya chumba cha kumi na mbili iliwaka kijani.

"Lazima ijaribiwe," Mama Waya alisema alipotoka, akijifuta mikono kwenye ovaroli. "Utaratibu wetu. Ukitengeneza, unapiga."

"Piga."

Aliinua mkono wa simu, akabonyeza namba bila kuiangalia. Ikaita. Ikapokewa. Inspekta aliisikia sauti ya mwanamke kutoka pale alipokaa, laini na ya taratibu, ikiuliza imsaidie nini. Mama Waya aliuhamishia mkono wa simu sikio la pili, na Meneja akaanza kuitazama taa.

"Ni mimi," alisema hatimaye. "Mwambie baba yake polisi wameniachia. Aliyefanya amepatikana. Kesho nakuja kumchukua mtoto."

Akasikiliza. Akaitikia mara moja, mara ya pili, akasema haya, akairudisha simu mahali pake.

"Alikuwa yeye?" Inspekta aliuliza.

"Ndiye."

"Anasemaje?"

"Anasema alishamwambia mtoto tangu jana kwamba mama yake hajafanya, na kwamba kesho atakuja." Mama Waya alitazama pembeni, akavuta pumzi kwa pua. "Ana sauti nzuri, Afande. Ana roho nzuri pia. Afadhali angekuwa mbaya kidogo."

Akachukua bisibisi nyingine juu ya meza, akarudi nyuma ya mtambo kukaza skrubu.